Chembe Baharini: Mazingatio Juu ya Kazi ya Mtafiti Mmoja

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), aliyeumba bara na bahari, akamfanya mwanadamu kuwa mwenye kuulizwa juu ya vyote viwili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Maswahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, tulipotangaza kwamba mhadhara wa leo utahusu takataka za plastiki baharini na mtu aliyezitafiti, baadhi yenu mlitujia kwa uzuri mkauliza: je, mambo ya dini yamekwisha hata tuanze kusomeshana habari za mifuko? Na mzee wetu mmoja akaongeza kwamba mtu mwenyewe tunayetaka kumtaja si Muislamu. Maswali yote mawili ni ya haki, na hatutaki kuyapita.

Tuanze na hilo la pili, kwani jawabu lake ni fupi. Mtume (S.A.W) alipohama kutoka Makka kwenda Madina, roho yake na roho ya sahibu yake Abubakar (R.A) zikitafutwa kwa zawadi, aliyewaongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye wakati huo alikuwa katika dini ya watu wake. Alichaguliwa kwa kuwa alikuwa mjuzi wa njia na alikuwa mwaminifu. Basi anayeijua njia ya jambo huulizwa njia ya jambo hilo, na aqida yake huachiwa Mola wake.

Ama swali la kwanza, jawabu lake limo katika sura ambayo kila mtoto wa madrasa yetu ameihifadhi kabla ya kutimiza miaka saba, nayo ni Surat Az-Zalzala. Aya zake mbili za mwisho zataja kwamba mtu ataiona kheri aliyoitenda, na shari aliyoitenda, japo iwe na uzito wa dharra. Wafasiri wa zamani waliulizana dharra ni nini. Wako waliosema ni sisimizi mdogo kabisa. Wako waliosema ni vile vivumbi vinavyoonekana vikielea pale mwale wa jua unapoingia dirishani, ambavyo ukiondoka mwale huvioni tena, ingawa vimo mle mle chumbani. Tunawaomba muiweke tafsiri hii ya pili akilini, kwa sababu mtu tunayemzungumzia ameutumia umri wake wa kazi, zaidi ya miaka 30, kutafuta vitu vya namna hiyo hiyo ndani ya bahari.

Anaitwa Richard Thompson, profesa wa elimu ya viumbe vya bahari katika Chuo Kikuu cha Plymouth, mji wa bandari ulioko kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1993 alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, akisoma habari za viumbe wa kwenye miamba ya pwani katika Isle of Man, kisiwa kilichoko baina ya Uingereza na Ireland. Plastiki haikuwa somo lake. Alijitolea tu, pamoja na watu wengine, kusafisha ufuo. Katika usafi wa namna ile desturi ilikuwa kuokota vitu na kuviandika kwa aina zake: chupa, mifuko, kamba, vipande vya nyavu. Naye akatambua kwamba vitu vilivyokuwa vingi kuliko vyote havikuwa na mahali pa kuandikwa. Vilikuwa vipande vidogovidogo chini ya miguu yao, ambavyo watu walivikanyaga wakienda kuokota chupa.

Tusimame hapa kidogo. Wangapi walikuwa katika ufuo ule siku ile? Wote walikuwa na macho. Na sisi tuliokulia pwani, ni mara ngapi tumetembea juu ya mstari ule mweusi wa mwani unaoachwa na maji yakupwapo, tukaona ndani yake rangi nyekundu, buluu na kijani ambazo si za mwani wala si za kombe, tukapita?

Swali alilotoka nalo pale lilikuwa jepesi kutamka: plastiki inayotengenezwa duniani imekuwa ikiongezeka tangu miaka ya 1950, na inajulikana kwamba haiozi kama jani au mti, basi ile iliyoingia baharini iko wapi? Ilimchukua zaidi ya miaka 10 kulijibu kwa namna inayokubalika mbele ya wanazuoni wa fani yake. Katika kipindi hicho alihamia Plymouth, akawa mwalimu, na akawahimiza wanafunzi wake wamtafutie ufuoni vipande vidogo kabisa wanavyoweza kuviona.

Twapenda tueleze namna kazi yenyewe ilivyofanywa, kwani humo mna funzo kuliko katika matokeo. Walichukua mchanga na tope kutoka fukwe za karibu na Plymouth, na kisha kutoka fukwe nyingine 17. Waliuchanganya na maji yenye chumvi nyingi ili vitu vyepesi vielee juu na mchanga uzame. Walichuja yale ya juu, wakaviweka chini ya darubini vile vyote vilivyoonekana si mchanga wala si viumbe, vingi vyao vikiwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mtu mwenye haraka angalikomea hapo, akavihesabu vyote kuwa ni plastiki, na idadi yake ingalikuwa kubwa na ya kutisha. Wao walikichukua kila kipande na kukipima kwa chombo kinachomulika mwanga usioonekana kwa macho, kisha wakalinganisha alama zake na alama za plastiki zinazojulikana. Takriban theluthi moja tu ndiyo iliyothibiti bila shaka kuwa ni plastiki. Theluthi mbili zilizobaki hawakuzitia katika hesabu.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi watalitambua jambo hili mara moja. Imamu Bukhari (Rahimahullah) hakuandika katika Sahihi yake kila alichokisikia, bali aliacha nyingi kuliko alizozichukua, kwa sababu kwake kudhania kwamba neno ni la Mtume si sawa na kuthibiti kwamba ni lake. Sisi leo husambaziana habari kwa simu kabla hata hatujaisoma mpaka mwisho, ilhali Surat Al-Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Inatupa haya kidogo kuwaona watu wa darubini wakiishika adabu hii kuliko watu wa mimbari.

Kisha likaja jambo ambalo kwetu ni la ajabu zaidi. Tangu mwaka 1931 kulikuwa na mpango wa kuchunguza vijiumbe vidogo vinavyoelea baharini, ambavyo ni chakula cha samaki. Chombo kilichobuniwa na mwanasayansi wa Kiingereza, Alister Hardy, hufungwa nyuma ya meli za biashara, kikavutwa chini ya uso wa maji, na ndani yake utepe wa hariri hujikunja polepole ukinasa kila kilichomo. Tepe hizo hutiwa dawa na kuhifadhiwa. Walizihifadhi kwa ajili ya vijiumbe, wala hakuna aliyekuwa akifikiria plastiki. Thompson na wenzake walizirudia tepe za miaka ya 1960, 1970, 1980 na 1990, za meli zilizopita baina ya Aberdeen na visiwa vya Shetland, na zile zilizoelekea Iceland. Walizikuta nyuzi za plastiki tangu tepe za miaka ya 1960, nazo zikazidi kadiri miaka ilivyosonga.

Yaani ushahidi ulikuwapo makabatini kwa zaidi ya miaka 30. Meli zilipita, mabaharia walifanya biashara yao, na hariri ilikuwa ikiandika kila kilichopita bila ya mtu yeyote kujua kwamba kinaandikwa. Msikilizaji mwenye moyo hahitaji tumweleze zaidi.

Matokeo hayo yalichapishwa mwezi wa Mei mwaka 2004 katika jarida la Science la Marekani, katika makala isiyozidi ukurasa mmoja. Si kwamba hakuna aliyewahi kuona plastiki baharini kabla yake. Tangu mwaka 1972 watafiti wawili walikwisha kuandika juu ya vipande vinavyoelea katika bahari ya Sargasso. Lakini tangu makala ile ya 2004 jina la maikroplastiki, yaani chembe ndogo za plastiki, lilienea duniani, na baadaye ikakubaliwa kwamba huhesabiwa kuwa ni chembe ile isiyofika milimita 5. Mwaka 2024 yeye na wenzake walipotazama nyuma miaka 20, tafiti zilizoandikwa juu ya jambo hili zilikuwa zimefika kiasi cha 7,000, na chembe hizo zilikuwa zimekutwa katika aina zaidi ya 1,300 za viumbe, wa majini na wa nchi kavu. Zimekutwa katika barafu ya Aktiki, katika vilindi vya bahari, na karibu na kilele cha mlima Everest.

Je, zinadhuru? Hapa ndipo penye haja ya uangalifu, na tunawaomba msitunukuu kwa nusu.

Mwaka 2008 mwanafunzi wake, Mark Browne, pamoja naye na wengine, walionyesha kwamba kome wakilishwa chembe ndogo sana za plastiki, chembe hizo hutoka tumboni zikaingia katika mzunguko wa damu yao, na zikakaa humo zaidi ya siku 48. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba katika samaki 504 wa aina 10 waliovuliwa katika mlango wa bahari wa Uingereza, zaidi ya theluthi walikutwa na plastiki matumboni. Samaki wengi tunawapasua na kuwatoa matumbo kabla ya kuwala. Lakini dagaa tunamla mzima, na kome na chaza tunawala pamoja na kila kilichomo. Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, Allah (S.W.T) ametaja miongoni mwa neema zake kwamba ameitiisha bahari ili tule kutoka humo nyama iliyo mpya. Hiyo ni neema tuliyokabidhiwa ikiwa safi.

Ama mwili wa mwanadamu, chembe zimekutwa ndani yake, lakini zinaufanya nini, na kwa kiasi gani, bado ndilo jambo wanalolitafiti. Mmesikia maneno yaliyoenea tangu mwaka 2019 kwamba kila mmoja wetu hula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki kila wiki. Watafiti wengine waliporudia hesabu hiyo walipata kiasi kidogo mno kuliko hicho. Basi asisimame mtu katika msikiti huu akawatisha kina mama kwa kadi ya benki. Mwenye kutetea jambo la haki kwa hoja ya uongo huwapa wanaolipinga silaha.

Lakini pia asije mwingine akasema: maadamu madhara kwa binadamu hayajathibiti yote, basi tuendelee kama tulivyo. Waliosoma usuli wanaijua milango miwili. Mlango mmoja wasema kwamba asili ya vitu ni halali, na yakini haiondolewi na shaka. Mlango wa pili ni ule wa kuziba njia iendayo kwenye ufisadi kabla haujafika, na kwamba mtu hana ruhusa ya kumdhuru mwenzake. Chupa ya plastiki si haramu, wala hatusemi hivyo, na Thompson mwenyewe hasemi kwamba plastiki ni adui. Husema mara kwa mara kwamba ina manufaa makubwa, na kosa liko katika namna tunavyoitengeneza, kuitumia mara moja na kuitupa. Hilo la kutumia mara moja na kutupa, katika lugha yetu, lina jina lake la zamani: israfu. Na kitu kikishaingia baharini kikavunjika kuwa chembe, hakuna awezaye kukirudisha. Atakayekula samaki mwaka 2060 hakushauriwa.

Yako mambo mawili katika kazi zake yanayogusa moja kwa moja soko na nyumba zetu. La kwanza ni mifuko. Mwaka 2019 yeye na Imogen Napper walitoa matokeo ya mifuko waliyoiacha hewani, ardhini na baharini kwa miaka 3. Miongoni mwao kulikuwa na mfuko ulioandikwa kwamba unaoza. Baada ya miaka 3 ndani ya udongo na ndani ya maji ya bahari, mfuko ule ulikuwa bado waweza kubebea bidhaa za dukani! Mtume (S.A.W) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini, na kemeo alilolitoa kwa muuzaji yule kila mfanyabiashara hapa analijua. Lebo nayo ni juu ya lundo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na tulifurahi. Kisha tukawaona wenye maduka, na wengine ni waswalihina wa safu ya mbele, wakiwatilia watu bidhaa katika vile vifungashio laini vya nailoni na kusema kwamba huu si mfuko. Hila hii twaijua kutoka kisa cha watu wa Sabato na samaki wao, nao pia walikuwa watu wa pwani.

La pili ni nguo. Mwaka 2016 hao hao wawili walipima nyuzi zinazotoka nguo zinapofuliwa kwa mashine, wakakuta kwamba mzigo mmoja wa kilo 6 wa nguo za akriliki waweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Poliesta nayo hutoa nyingi. Wengi wetu hatufui kwa mashine, lakini angalieni kanzu mlizozivaa leo. Kanzu ya pamba imekuwa adimu. Nyingi ni poliesta, na mabuibui vilevile. Na zulia hili tunalosujudia, ambalo tulilichangia kwa furaha, ni nyuzi za plastiki kutoka mwanzo hadi mwisho. Asubuhi jua linapoingia kwa dirisha la mashariki, tazameni vivumbi vinavyoelea. Wafasiri wetu wa zamani walipoitazama dharra yao, ilikuwa udongo na pamba.

Kuna lililofanikiwa, na si haki kulinyamazia. Mwaka 2015 Thompson na wenzake walionyesha kwamba katika sabuni fulani za kusugulia uso zilitiwa punje za plastiki makusudi, na kwamba mtu akinawa mara moja tu aweza kumwaga punje kati ya 4,594 na 94,500 katika maji machafu. Mwaka 2016 alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na mwaka 2018 sheria ikapiga marufuku kuzitengeneza na kuziuza. Mtu mmoja, swali moja la ufuoni, miaka 25. Lakini jambo kubwa zaidi bado halijafika mwisho. Mwezi wa Machi 2022, pale Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki, na Thompson ni mmoja wa wanasayansi walioufuatilia mkutano kwa mkutano. Walipokutana Geneva mwezi wa Agosti 2025 waliachana bila ya kukubaliana, kwani baadhi ya nchi zilitaka kupunguza kiasi kinachotengenezwa, na nyingine, zikiwamo zenye mafuta ambayo ndiyo mali ghafi ya plastiki, zilikataa. Miongoni mwa hizo zenye mafuta kuna nchi za ndugu zetu. Sisi tuliokula chakula cha vyuo vyao na kusoma kwa hisani yao hatutaki kusema zaidi, lakini kunyamaza kabisa kungekuwa hiyana.

Sasa turudi hapa tulipo. Ramadhani iliyopita tulifuturisha katika uwanja huu siku zote za mwezi. Allah awalipe kheri waliochangia. Kila futari ilikuja na chupa ndogo za maji, vikombe vya kutupa, sahani za kutupa, vijiko vya kutupa. Vijana walivikusanya baada ya tarawehe, na kwa kuwa gari la taka halikuja, walivichoma nyuma ya vyoo vya udhu, na vingine mvua ya masika ilivipeleka mtaroni. Mtaro ule unaishia wapi, kila mvuvi aliyeketi hapa anajua. Hatumlaumu yeyote; ruhusa tuliitoa sisi walimu. Tulikuwa tukiwafundisha watoto kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani, na jioni ile ile tukauondoa udhia njiani tukautia baharini.

Tumeshauriana na kamati ya msikiti, na Ramadhani ijayo, inshaallah, maji yatakuwa katika mitungi na madumu yenye bomba, na vikombe vitakuwa vya bati. Sahani za sinia zipo, zilizokaa stoo tangu zama za wazee wetu, tumezihesabu na zinatosha. Kina mama walipoelezwa walikubali, ila wakauliza swali moja ambalo kamati haikuwa imelifikiria: nani ataviosha? Waliuliza kwa sababu walikwishajua ni nani hutarajiwa. Tukawajibu kwamba wao wanapika, basi kuosha ni kwa wanaume. Orodha ya zamu itabandikwa mlangoni kuanzia mwezi wa Shaabani, na zamu ya usiku wa kwanza tumejiandika sisi walimu wa madrasa. Nafasi za usiku unaofuata zi wazi. Kalamu iko kwa muadhini.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.